Komeo Linalojifunga Lenyewe

Jumamosi, 6 Juni

Leo, saa tisa na robo alasiri, tumepokonywa nusu fainali. Sijaandika tumeshindwa. Tumepokonywa. Mbele ya ukumbi mzima, taa zote zikiwaka!

Hesabu ni hii. Roboti wetu, Kitasa: pointi kumi na nane. Roboti wao, Umeme: kumi na mbili. Umeme huyo huyo ambaye mwaka huu hajawahi kutoka uwanjani na chini ya hamsini. Leo kimempata nini? Kimempata binti yangu. Yeye ndiye kapteni wa timu ya shule yao, ndiye anayeshika rimoti, na siku hizi hata nyumbani tunamwita Kapteni. Kila Umeme alipookota mipira akitaka kwenda kuitupa kwenye kapu lake, Kitasa yuko mbele. Akienda kulia, yuko. Akirudi kushoto, yuko. Watu walisimama juu ya viti. Mzee mmoja nyuma yangu alisema hajaona ulinzi wa namna hiyo hata kwenye mpira wa miguu. Nikamgeukia nikamwambia mabamba ya pembeni nimekata mimi.

Zikiwa zimebaki sekunde chache, Kapteni akambana Umeme kwenye kona. Kanuni inasema ukimbana mwenzako ukutani mwamuzi anahesabu kwa vidole, na akifika tano hujamwachia, aliyebanwa anapewa pointi kumi. Kapteni anaijua kanuni hiyo. Siku nzima alikuwa akiachia kwenye nne. Mara hii mwamuzi akahesabu kama mtu anayekimbia mvua. Kumi kwao. Ishirini na mbili kwa kumi na nane. Kwisha kazi.

Mimi nilikuwa nimetamka neno moja tu: kaza. Kwa sauti ya kawaida. Mwalimu wa fizikia, msimamizi wa klabu yao, anadai sauti hiyo ilifika mpaka kwenye maegesho, na kwamba Kapteni aligeuza kichwa kunitazama, na hapo ndipo ile sekunde ilipopotelea. Mwalimu huyo ni kijana, hajawahi kufanya kazi karibu na grenda ya kukatia chuma. Sauti ya kawaida ataijulia wapi?

Na habari za mkono wa kutupia mipira kufa katikati ya mchezo, hata kuwalazimu kucheza ulinzi mtupu, sitaki kuzisikia. Ni kweli jana nilitoa mkono wa alumini nikaweka bomba la chuma la pembe nne. Mkono ulikaa imara kabisa. Kilichoungua ni mota.

Jumapili, 7 Juni

Habari njema: Umeme naye jana jioni alichapwa fainali. Nimelala usingizi mzito.

Bingwa ameshakata tiketi ya fainali kuu. Nafasi mbili zimebaki, na timu nne zitazigombea Jumamosi ijayo. Zitapangwa mbili mbili kwa kura, jozi dhidi ya jozi. Jozi itakayoshinda inakwenda yote. Sisi tumo. Umeme yumo.

Kapteni alisema mezani kwamba mwaka ujao ni wa mitihani na shule haimruhusu mtu wa mitihani kuwa kwenye klabu. Miaka mitatu amekaa na waya na gia, na asipokwenda mwaka huu haendi tena. Alisema hivyo akiwa anatazama sahani. Mama yake, ambaye ni muuguzi na ana macho ya kuuguza, akanitazama mimi. Sijui kwa nini mimi.

Baadaye akasema afadhali nimwachie mtoto afanye mwenyewe. Nikamuuliza kama nimewahi kumwingilia. Akataja mkono. Akataja mota. Kisha, bila sababu yoyote, akaleta habari za geti.

Geti letu lina komeo langu, nililolibuni mwenyewe nilipokuwa bado naazima nyundo kwa watu. Linajifunga lenyewe. Ukilisukuma tu, ka! Limefunga, na halifunguki bila ufunguo, si ndani si nje. Kwa nini? Kwa sababu watu ni wazembe, hawafungi mageti. Mke wangu anadai amelala nje mara mbili. Si kweli. Mara moja alilala. Ile nyingine alikaa tu.

Baba wa kijana anayemwendesha Umeme ni daktari wa meno, na ndiye mteja wangu wa geti la kijani. Mwaka jana alijifungia nje ya nyumba yake alfajiri akiwa na nguo za kulalia. Tangu hapo kila anayekwenda kung'oa jino anasimuliwa kisa hicho akiwa amefunguliwa mdomo, hawezi hata kunitetea. Wateja wangu wangapi wamepotelea kwenye kile kiti? Siwezi kuwahesabu, na mimi ni mtu wa kuhesabu.

Jumanne, 9 Juni

Nimekwenda shuleni, chumba cha klabu. Si kuingilia. Kutoa wazo.

Uwanja wa Jumamosi una kitu kipya. Kila upande hutupia kapu lake, na kila kapu limewekwa nyuma ya mbao mbili, na kati ya mbao kuna upenyo wa kupita roboti. Kwa lugha nyingine, lango. Wameweka lango uwanjani, halafu wanamwambia fundi mageti akae kwenye viti vya watazamaji!

Nikamchorea Kapteni chaki sakafuni: mabawa mawili ya alumini mbele ya Kitasa, yenye bawaba, yanayokunjuka. Akisimama kwenye lango la wapinzani, hapiti mtu. Aliuzunguka mchoro mara mbili. Kisha akasema wazo ni zuri. Nilitazama dirishani kidogo, kulikuwa na vumbi.

Lakini akaweka masharti. Alumini tu, chuma hapana. Nitengeneze kama mchoro ulivyo, nisiongeze hata parafujo. Na uwanjani nikae kimya. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, sihitaji masharti. Akasema ndiyo maana ananipa.

Jumatano, 10 Juni

Kura imepigwa. Siamini.

Tumepangwa na Umeme! Kitasa na Umeme jozi moja. Tangu jana nimekata alumini nikiona kwa macho yangu jinsi Umeme atakavyogonga mabawa hayo na kurudi kinyumenyume, na sasa naambiwa ni mwenzetu.

Daktari wa meno alikuja karakana jioni kunipa mkono. Amevaa viatu vyeupe, kwenye sakafu yangu. Alisema tusahau yaliyopita, sasa tunavuta kamba upande mmoja. Kisha akatazama mabawa mezani na kuuliza, kwa upole wa watu wanaotaka kukudunga sindano, kama yanajifunga.

Nikasema hapana. Na kwa leo ni kweli.

Kapteni na kijana wa daktari wameshapanga. Umeme anaokota na kutupa. Kitasa anasimama langoni kwa wapinzani na kuwazuia, akikaribia kubana anarudi nyuma kabla ya tano, kisha anasogea tena. Wamefanya mazoezi mpaka giza. Kijana ana adabu, ananiamkia vizuri. Kwa baba yule, ni ajabu.

Ijumaa, 12 Juni

Nimefikiri sana, na nimegundua jambo ambalo waandishi wa kanuni hawakuligundua.

Kanuni inasema kubana. Kubana ni nini? Ni kusukuma. Unamsukuma mtu ukutani, mwamuzi anahesabu. Lakini mtu akiingia mwenyewe kwenye mabawa ya Kitasa, yakamkumbatia, yakajifunga, nani amesukuma? Hakuna. Huyo hajabanwa. Huyo amehifadhiwa. Mwamuzi anaweza kuhesabu mpaka kesho.

Kwa hiyo baada ya kazi nimetengeneza komeo. Dogo, la kidole gumba, lakini ndugu kamili wa lile la getini: springi, kifyatulio katikati ya mabawa, ulimi. Kitasa ana kilo tisa na gramu mia saba. Mwisho ni kilo kumi. Komeo ni gramu mia mbili na arobaini. Tumebakiwa na gramu sitini za kujivunia. Nimelipaka rangi nyeusi kama mabawa, na Kitasa alipoletwa nyumbani kusubiri safari ya kesho, nikalifunga mahali pake wakati Kapteni anaoga.

Nilimwahidi nisiongeze hata parafujo. Sijaongeza parafujo. Nimechomelea.

Nimelijaribu na sufuria ya mke wangu. Ka! Safi. Amekuja kuuliza sufuria iko wapi. Nikasema iko salama, na hilo hakuna anayeweza kulipinga.

Jumamosi, 13 Juni

Nimerudi. Nina hasira, lakini nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi, mizani: kilo tisa na gramu mia tisa arobaini. Mkaguzi akanyooshea komeo kidole. Nikasema ni kishikizo. Akaendelea na wengine. Kapteni alikuwa mbali anabadilisha betri.

Jambo moja lilinigusa moyo. Kapteni alisimama kwenye nafasi ya waendeshaji akiwa amevaa vifunika masikio vya karakana yangu, vile vikubwa vya manjano vya kuvaa wakati wa grenda. Sikuwa nimemwomba. Nikamwambia mama yake, tazama, anataka ukumbi wote ujue ametoka karakana ya nani. Mama yake akakohoa, akasema bila shaka ni hivyo.

Kipenga. Umeme akaokota mipira sita kama anayechuma maua. Kitasa akaenda zake kuelekea lango la wapinzani, mabawa wazi, mwendo wa heshima. Wapinzani walikuwa wameshapenyeza mipira mitano: pointi kumi. Nikajisemea, njooni sasa, njooni mhifadhiwe.

Kisha mpira mmoja ukabingirika, ukasimama katikati ya mabawa ya Kitasa.

Umeme akaufuata. Kwa nini asiufuate? Mabawa ni ya mwenzake, hana wasiwasi. Akaingia.

Ka!

Nilisikia kutoka safu ya saba. Ni sauti ninayoijua kuliko sauti ya mama yangu. Umeme akarudi nyuma. Kitasa akarudi naye. Umeme akageuka, Kitasa akageuka. Ukumbi ukaanza kucheka. Nikashika mfuko wa suruali. Ufunguo ulikuwa humo, pamoja na funguo nyingine zote za duniani. Nikasimama niende kufungua. Mwamuzi, bila hata kugeuka, akanionyesha kiganja: hakuna anayeingia uwanjani mpaka kipenga cha mwisho.

Viti viwili kulia kwangu, daktari wa meno aliinuka polepole. Hakupiga kelele. Alisema hivi:

"Tena, Fundi?"

Basi. Na watu wote wa safu ile, ambao inaonekana kila mmoja amewahi kuumwa jino, wakageuka kunitazama.

Nilipiga kelele. Nakiri nilitoa maelekezo: vuta, zungusha, gonga ukutani. Kapteni hakusikia hata moja, kwa sababu ya vifunika masikio. Hilo nililiona ni kasoro ya vifaa.

Yeye alitazama uwanja, akatulia. Akainua kifunika cha sikio moja, akamwinamia kijana wa daktari na kumwambia neno. Kijana akaitikia kwa kichwa. Kapteni akarudisha kifunika. Nimekuja kujua baadaye alichomwambia:

"Wewe tupa, mimi nakubeba."

Na akambeba! Kitasa alimwinua Umeme kidogo, akavuka naye uwanja, wakipitia langoni kwetu kwa upana wa nywele. Umeme, akiwa kifungoni, mkono wake wa kutupia uko huru juu. Mpira wa kwanza, ndani. Wa pili, ndani. Yote sita ndani. Kumi na mbili kwa kumi. Kucheka kukakoma.

Lakini kuokota tena hawawezi, mdomo wa Umeme umezibwa. Dakika nzima imebaki. Wapinzani, waliokuwa wakiokota muda wote huo, wana mipira tele, wanahitaji mpira mmoja tu kusawazisha. Kapteni akamrudisha Kitasa na mzigo wake mpaka lango la wapinzani, akasimama hapo upande upande. Roboti wawili waliofungwa pamoja wanaziba upenyo wote, hakuna hata nafasi ya kupitisha mkono. Wapinzani wakaja wawili, wakasukuma. Umeme ni kilo nane na nusu. Jumlisha na Kitasa: kilo kumi na nane na gramu mia nne arobaini. Nani atausukuma mzigo huo? Walisukuma, magurudumu yao yakavuma, hakuna kilichosogea.

Mwamuzi akaona wapinzani wamebanwa kwenye mbao, akaanza kuhesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu, nne, na Kapteni akarudi nyuma kiasi cha kiganja. Mwamuzi akashusha mkono. Kapteni akasogea tena. Moja, mbili, tatu, nne, nyuma. Hakugeuza kichwa hata mara moja. Mimi nilikuwa nasema kaza, kaza, mpaka koo likakauka, na yeye kila nne anaachia, kila nne anaachia. Wamama walikuwa wanahesabu pamoja na mwamuzi. Daktari wa meno alinishika bega bila kujua ni langu.

Kipenga. Kumi na mbili kwa kumi.

Fainali kuu! Binti yangu! Nilimkumbatia daktari. Kisha nikakumbuka, nikamwachia.

Nilishuka kufungua. Funguo zangu zinafanana kidogo. Ukumbi mzima ulisubiri. Nilipopata wa kweli walipiga makofi, lakini si makofi ya heshima.

Na hapo ndipo dhuluma ilipoingia. Jaji mkuu, mama mmoja wa miwani ya kamba, akaliinamia komeo akalikagua. Akasema ushindi ni halali, kwa kuwa kanuni hazikatazi mtu kukwama na mwenzake. Kisha akanitazama mimi, si watoto.

"Mzee, hili lingemnasa mpinzani hata kwa sekunde moja, ningewatoa nje palepale. Binti yako angekuwa anarudi nyumbani."

Yaani komeo lingefanya kazi niliyolitengenezea, tungefukuzwa. Limekosea, tumeshinda. Kuna haki hapo?

Kapteni alikuwa amesimama pembeni yangu na vifunika masikio shingoni. Alisikia yote. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliangalia nje.

Jumapili, 14 Juni

Kombe dogo la kufuzu lipo mezani. Watu wa mtaani wamekuja kupongeza. Nimewaeleza habari za komeo. Hakuna aliyeuliza swali la maana.

Baada ya wageni kuondoka, Kapteni alikaa mbele yangu. Alizungumza kwa utulivu wa mama yake anapokaribia kuchoma sindano. Alisema anajua nampenda, anajua mabawa yalikuwa wazo langu na yalikuwa zuri. Lakini jana alibakiza sekunde moja tu afukuzwe kwa kitu asichokijua kilichofungwa kwenye roboti wake mwenyewe. Akasema fainali kuu ni mwezi ujao na hana mwaka mwingine.

"Baba, naomba neno moja tu. Utamgusa Kitasa tena au hutamgusa?"

Swali zuri. Nikamwambia kwanza tukubaliane maana ya kugusa. Nikamweleza tofauti ya bawaba ya pini na bawaba ya kuchomelea. Nikamweleza nilivyoanza, kipindi cha nyundo ya kuazima. Nilipofika kwenye geti langu la pili mama yake akainuka akaenda kulala. Kapteni alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akanibusu shavuni, akaondoka.

Nadhani ameridhika.

Jumatatu, 15 Juni

Hajaridhika!

Nimepita shuleni asubuhi, si kuingilia, kusalimia tu. Kabati la Kitasa limefungwa kwa kufuli. Kufuli la dukani! La bati, lenye ufunguo ambao mtu anaweza kuukunja kwa meno. Binti wa fundi mageti! Mwalimu wa fizikia alisema Kapteni amelinunua mwenyewe na ufunguo anao yeye. Nikamwambia kufuli lile nalifungua kwa sindano ya cherehani kabla hajamaliza kupiga chafya. Akasema anajua, na Kapteni pia anajua. Alichoomba ni kwamba nisilifungue.

Nimerudi karakana nikakaa. Nilitaka kukasirika. Nimekasirika. Halafu nikachukua chaki.

Kosa la komeo lilikuwa moja tu: halikujua kuhesabu. Jaji hakatai komeo, anakataa kunasa. Sasa tuseme komeo linafunga, ka, halafu springi ya pili inalifungua lenyewe kwenye nne. Kwenye nne! Kabla ya tano! Mtu anahifadhiwa na kuachiwa, anahifadhiwa na kuachiwa, kwa mujibu wa sheria. Gramu mia mbili na tisini, nikitoboa ulimi. Kwenye kilo kumi tunabakiwa na gramu kumi. Nimeshakata bamba. Kapteni nitamweleza likishakauka rangi, ili asisumbuke na mambo madogo.

Nimempigia jaji mkuu simu mara tatu. Mara ya kwanza aliniuliza nimepata wapi namba yake. Mara ya pili alisema kanuni zinafafanuliwa kwa timu kupitia kapteni, akaniuliza kama kapteni anajua nimepiga. Nikamweleza kuhusu springi. Mara ya tatu simu iliita tu.

Kuna watu ukiwauliza swali la ndiyo au hapana wanakuzungusha mpaka unasahau ulichouliza. Siwapendi watu hao. Kwa hiyo nimeacha ujumbe kwenye simu yake, kwa sauti ya kawaida, na ninaunakili hapa ili ubaki: Mheshimiwa jaji, komeo linalofunga na kujifungua kwenye nne linaruhusiwa, ndiyo au hapana? Neno moja linatosha. Rangi ya kuzuia kutu inakauka kwa siku mbili, kwa hiyo nataka jibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Usiponijibu kufikia saa kumi, nitahesabu kuwa ni ndiyo.